Mpaka Nyuma ya Jiko Letu

Baba yangu hakujua kusema "natoka hapo tu." Mtu akimuuliza atokako, alianza na wilaya. Mgeni akishapewa kigoda na kata ya maji, hata hajameza vizuri, ameshaambiwa kwamba ameketi katika wilaya kubwa kuliko zote za Tanganyika. Kwamba ukitoka mlangoni petu ukashika njia ya kusini utaupita mji wa Tabora, utaipita Sikonge, utaufikia mto Ugalla miguu imevimba, na bado boma lako ni lile lile. Wageni wenye adabu waliitikia "Ehee!" Wasio na adabu waliuliza kama mashamba yote hayo ni yake.

Mimi nilikuwa nakimbilia jikoni. Tangu nikiwa mdogo nilikuwa na ugonjwa huo wa kuona haya kwa niaba ya baba, na nilipovunja ungo ukanizidi. Yeye akijisifu uwanjani, masikio yananiwaka mimi huko ndani, utadhani maneno yametoka kinywani mwangu. Mama alikuwa akinicheka. Alisema baba mtu hachaguliwi kama kanga dukani.

Watu wakisikia habari hizi leo hucheka pia. Na wacheke. Mimi sifa zile nusura zimnyime mwanangu baba yake, kwa hiyo sizicheki hata nikiwa nimeshiba.

Sijui kama wilaya ya Tabora ilikuwa kubwa kuliko zote. Baba naye hakujua. Alichokiona ni ramani. Alipokuwa kijana aliitwa bomani kutoa ushahidi katika kesi ya mizinga ya nyuki iliyoibwa porini, akawekwa barazani kutwa nzima, na ukutani mbele yake palikuwa na ramani ya Jimbo la Magharibi. Karani mmoja, nadhani kwa kuchoshwa na joto tu, akamwonyesha kwa rula: hapa mpaka hapa, yote hii ni yetu. Akaongeza kwamba ziko nchi za Ulaya ambazo zikiwekwa humo ndani zitaenea, na bado patabaki mahali pa kulima karanga. Baba akarudi na habari hiyo. Kesi yenyewe aliisahau njiani, na mpaka anafariki hakuna aliyepata kujua mizinga ile iliishia wapi.

Nyumba yetu ilikuwa pembezoni kabisa mwa ukubwa huo. Mbele yake ilipita njia ya zamani ya misafara iendayo kaskazini hadi ziwani, ambayo babu yake baba aliikanyaga akiwa na pembe begani. Nyuma ya jiko palikuwa na mteremko wa vichaka vya miiba, kisha korongo lisilo na maji ila wakati wa masika, kisha mbuga nyeusi ya nyasi. Ng'ambo ya mbuga walikaa watu wa upande wa Puge. Huko ndiko kulikokuwa na kisima kisichokauka, ndiko tulikokwenda kwenye ngoma na kwenye misiba, ndiko mama alikotoka. Tabora tulikuwa tunaisikia. Mtu akizidiwa na ugonjwa alibebwa kwa machela kwenda hospitali ya Kitete, na safari ilikuwa ndefu hata wabebaji walibadilishana mara nyingi kabla hawajaliona paa la mjini.

"Katika ukubwa wote huo," mama alimuuliza baba siku moja, ndoo ikiwa bado kichwani, "maji yako wapi?"

"Mwanamke hatazami mbali," baba akajibu.

"Natazama kisima. Kiko mbali vya kutosha."

Basi kikaja kiangazi kimoja, wakaja watu wa mpaka. Kabla yao hakuna aliyejua mpaka hasa unapita wapi. Kati ya nchi ya mtemi huyu na ya mtemi yule palikuwa na pori na mbuga, na porini nani anahitaji mstari? Lakini sasa nchi zile mbili zilikuwa zimegawanywa kwa maboma mawili, la Tabora kusini na la Nzega kaskazini, na watu wa korongoni kama sisi mwaka mwingine tulidaiwa kodi na wote, mwaka mwingine hatukudaiwa na yeyote. Jambo la pili serikali haikulipenda. Akaja Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, Mwingereza, pamoja na karani wake, na wanangwa wa pande zote mbili. Mwanangwa kwetu ni mkubwa wa kijiji aliyewekwa na mtemi.

Bwana Shauri yule hakuwa mjinga. Alikuwa ameshawauliza wazee njiani namna ya kujua mtu ni wa nchi ipi, nao wakamwambia asiulize habari za kodi, aulize habari za moto. Maana zamani zile mtemi mpya alipotawazwa, mioto yote ya nchi yake ilizimwa. Majivu yalizolewa, mafiga yakalala baridi. Kisha moto mpya ulipekechwa kwa mtemi, wanangwa wakauchukua, na kila mama mwenye nyumba akaenda kwa mwanangwa wake na kigae kuchukua kaa lake. Nyumba mlikochukua moto, nchi yenu ni hiyo. Hapakuwa na hati nyingine, na hapakuwa na mtu aliyeona haja ya hati nyingine.

Basi baba akaulizwa uwanjani kwake, mbele ya watu wote: mtemi alipotawazwa, nyumba hii ilichukua moto upande gani?

Jibu lilijulikana na kila mtu aliyesimama pale, ukimtoa Mzungu na karani wake. Tulichukua kaskazini. Mama mwenyewe ndiye aliyeuchukua, akiwa bibi arusi mpya. Alikuwa amenisimulia mara nyingi siku ile ya baridi, jinsi walivyotafuna karanga mbichi na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa sababu hapakuwa na pa kupikia, jinsi alivyovuka mbuga na kigae chake, na jinsi kijana wa mwanangwa alivyomchagulia kaa kubwa kwa kuwa alimwonea huruma. Kijana yule sasa ndiye aliyekuwa mwanangwa wa kaskazini. Alikuwa amesimama palepale, amejifunga shuka, anamtazama baba.

"Kusini," baba akasema. "Sisi moto wetu ni wa kusini. Sisi ni watu wa Tabora."

Nilikuwa nimepiga magoti namkabidhi karani kata ya maji. Nilimwona mama mlangoni mwa jiko. Aliinama akaingia ndani, naye hakuwa na kazi yoyote huko ndani wakati ule.

Mwanangwa wa kusini alitabasamu, nyumba zimeongezeka. Bwana Shauri akamgeukia mwanangwa wa kaskazini, akamuuliza kama anakubali. Yule bwana alikuwa mtu wa mzaha, mwenye kucheka na watoto, na nilitegemea atatoa neno la kumchoma baba. Akasema tu, "Mwenye nyumba ndiye ajuaye jiko lake."

Wakapanga mawe korongoni, rundo baada ya rundo, kwenye ukingo wa upande wetu. Vijana ndio waliotumwa kuyabeba. Mmoja wao alikuwa mtoto wa mwanangwa wa kaskazini, mrefu, mwembamba, na kila alipotua jiwe alitazama juu kwenye jiko letu. Mimi nilikuwa jikoni, kama kawaida yangu. Nilianza kuyahesabu mawe yale kuwa ni mazuri, Mungu anisamehe, kwa kuwa yalikuwa mengi na yalimchukua siku nzima.

Jioni wageni walipoondoka, mama alimwekea baba ugali mbele yake.

"Umeukana moto," akasema.

"Ni moto tu. Sisi ni Wakristo. Katekista alishasema mambo hayo ni ya giza."

"Na kuongopa, katekista alisema ni mambo ya mwanga?"

Baba akala. Alikuwa amefurahi mno, hakuna neno lililompata. Tangu siku ile alipata kitu kipya cha kuwaonyesha wageni: aliwapeleka nyuma ya jiko, akanyoosha mkono kwenye mawe, akasema wilaya kubwa kuliko zote inaanzia hapa, kwangu. Mgeni anasimama kwenye majivu yetu na maganda ya viazi, anatikisa kichwa. Na mimi nafanya nini? Nageukia ukuta. Nilijua sasa kwamba si majisifu tu, ni uongo, na uongo wenyewe umepangwa kwa mawe ambayo watu wa kaskazini wanayapita kila siku wakija kwetu. Nilipokwenda kisimani kwao niliwaamkia wakubwa nikitazama chini. Waliitikia marahaba zao vizuri tu. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, maana wangenitukana ningejua pa kuanzia.

Aliyenifanya ninyanyue uso ni yule mbeba mawe. Alikuwa akinywesha ng'ombe wa babaye pale kisimani. Alinitania kwamba natoka wilaya kubwa hivyo na bado naiba maji ya wilaya ndogo. Nikamwambia amwage basi kama anayaonea uchungu. Hakuyamwaga, alinitwisha. Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, na yetu yalikoholewa mbuga nzima. Mshenga akaja kwetu kwa heshima zote. Mwanangwa wa kaskazini hakugusia habari za moto hata kidogo, alisema tu watoto wamependana. Baba akakubali, ila akasema mahari yake ni ng'ombe, watembee wenyewe waingie uwanjani kwake mchana kweupe. Binti wa wilaya kubwa hachukuliwi kwa majembe wala kwa vitambaa. Wakakubaliana ng'ombe waje baada ya mavuno.

Mavuno yalichelewa, nasi hatukuchelewa. Mtama ulipokuwa unaiva nilikuwa na mimba.

Kanisani katekista alinionyesha kwa kidole benchi la nyuma. Nilikaa huko peke yangu, shuka nimejitanda mpaka mabegani katika joto lile, nikiimba kwa sauti ya chini. Lakini aibu hiyo ningeivumilia, wasichana wengi wamekaa benchi hilo na leo ni bibi wa watu. Kilichonitisha ni kitu kingine. Kwetu mtoto hufuata ng'ombe. Ng'ombe wakishapokelewa na baba wa msichana, mtoto ni wa mume, ana ukoo wa kwao, ana makaburi ya kwao. Ng'ombe wasipopokelewa, mtoto ni wa babu yake mzaa mama. Baba aliyemzaa atakuja kumsalimia kama mpita njia. Mwanangu angehesabiwa ndugu yangu, angekuzwa katika uwanja ule, akifundishwa ukubwa wa wilaya.

Ndipo sotoka ikaingia. Ilianzia mbali, upande wa Ziba huko, ng'ombe wakawa wanatokwa machozi na kuhara na kufa, na serikali ikaweka karantini: ng'ombe yeyote wa wilaya ya Nzega asivuke kuingia wilaya ya Tabora. Askari wa mifugo akaletwa, kijana wa watu mpole, mgeni wa mbali, akajenga kibanda cha nyasi. Alikijenga kwenye mawe ya korongoni, nyuma ya jiko letu.

Ng'ombe wa mwanangwa walikuwa wazima. Siku iliyopangwa walikuja hivyo hivyo, wakiwa na vijana wanaopiga mluzi na akina mama wanaopiga vigelegele, wakaivuka mbuga yote. Askari akawasimamisha kwenye mawe. Baba alishuka akiwa amevaa kanzu na koti juu yake, na mimi nilijibanza nyuma ya jiko, maana bibi arusi haonekani siku hiyo. Nilisikia kila neno.

"Nyumba yangu ile pale," baba akasema. "Unaiona. Moshi ule ni wa jiko langu."

"Naiona, mzee. Lakini iko Tabora."

"Na ng'ombe hawa wanatoka hapo ng'ambo."

"Wanatoka Nzega."

"Kutoka hapa hadi pale naweza kutema mate yakafika!"

"Mzee wangu, nisikilize," askari akasema, na kusema kweli alisema kwa upole. "Mawe haya siyo mimi niliyeyapanga. Yangepangwa upande wa pili wa nyumba yako, ng'ombe hawa wangekuwa wanatembea ndani ya wilaya yao, nami nisingekuwa na neno. Hivi nani aliyewaonyesha mpaka watu wa boma?"

Kijana mmoja wa kaskazini, sikumjua ni nani, akapaza sauti, "Wazungusheni kwa kusini! Huko nafasi ipo!"

Walicheka wote. Walicheka wachungaji, walicheka wapiga vigelegele, hata wa upande wetu walioshuka kupokea walicheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi na tumbo langu. Nilichungulia nikamwona mchumba wangu hacheki, ameshika fimbo anatazama mawe, mawe aliyoyabeba mwenyewe. Ng'ombe walikula nyasi za ukingoni kwa muda, halafu wakageuzwa.

Baba akaenda Tabora kuomba ruhusa. Alikwenda kwa miguu, kwa vile gari halikuwapo, akakaa huko mpaka tukaanza kuogopa. Aliporudi vumbi lilikuwa limempanda mpaka kwenye nyusi. Mama alimwekea miguu katika beseni la maji ya vuguvugu. Baba alisema wamemwambia amri ni amri, karantini haina arusi. Alisema pia kwamba alikaa barazani palepale, na ramani bado iko ukutani.

"Umeitazama?" mama akauliza.

"Ni mbali," baba akasema. Nadhani alikuwa anajibu swali jingine.

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na mshenga wa kaskazini akionekana asubuhi bila kutarajiwa kuna jambo pia. Alikuja na shauri la mwanangwa. Wazee wa kwao wamekaa, wamekumbuka kwamba watu wa moto mmoja hupokeana popote. Kama nyumba zetu ni za moto mmoja, baba anaweza kuvuka korongo, akapokea ng'ombe kwa mkwewe kama anavyopokea uwanjani kwake, wakabaki huko wanachungwa, na mahari imefika. Lakini sisi si watu wa moto mmoja. Baba mwenyewe alisema hivyo mbele ya serikali. Kwa hiyo mwanangwa hadai mbuzi wala faini wala maneno ya kuomba radhi. Anaomba tu nyumba hii izime moto wake, ije kuchukua kaa kwake, kama ilivyochukua zamani.

Baba alisimama.

"Kamwambie mimi si wa kuzimishwa moto. Nilishasema mbele ya Bwana Shauri. Unataka nionekane mwongo?"

Mshenga akaaga. Mama alingoja mpaka amefika njiani.

"Mwongo umeshakuwa," akamwambia baba. "Sasa chagua tu mbele ya nani."

Baba aligeuka akaniona mimi nimekaa na ungo wa mtama, nao ulikuwa haufichi tena tumbo langu. Sauti yake ikawa laini, na laana ya ulaini ule ninaisikia mpaka leo. "Usilie," akasema. "Mtoto atakuwa wangu. Nchi hii ni kubwa, hatakosa pa kulima."

Nilikuwa silii. Nilianza baada ya yeye kusema hivyo. Nililia kwa hasira na kwa aibu, nikiona jinsi alivyonipangia maisha kwa ile ramani ya ukutani, na nisingeweza kumjibu kwa sababu hatukulelewa kumjibu baba, na pia kwa sababu alikuwa anadhani ananipa zawadi.

Kesho yake asubuhi mama alichota maji katika mtungi akayamwaga kwenye mafiga. Moshi na mvuke vilijaa jikoni tukakohoa wote wawili. Akazoa majivu na makaa yaliyolowa, akayatupa nje, akafagia mpaka udongo ukaonekana. Alifunga kanga yake nzuri, ile ya kwendea kanisani. Akachukua kigae. Alipita mbele ya baba uwanjani na kigae mkononi, hakukificha, akashuka korongoni, akamwamkia askari, akaipita ile safu ya mawe. Wanawake waliokuwa wakitoka kisimani walisimama na ndoo zao wamtazame. Mke wa mtu, mama mtu mzima, anavuka wilaya kwenda kuomba moto saa ambayo kila jiko linafuka. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Mimi nilibaki na baba. Alikuwa kwenye kigoda chake, kiko chake mkononi, tumbaku ameshaishindilia. Baba bila kiko asubuhi alikuwa si mtu wa kusogelewa. Na katika mfuko wa koti lake kibiriti kilikuwamo, kibiriti cha dukani, nilikijua kwa kuwa kikitikisika kililia. Kilikuwa kinalia asubuhi ile pia. Alikipapasa mara kadhaa juu ya kitambaa, akaondoa mkono. Jua lilipanda. Tulikaa hivyo, yeye na kiko chake baridi, mimi na jiko langu baridi, na mpita njia mmoja akauliza kwa mbali kama hapa kuna msiba.

"Hapana," baba akasema. "Pita salama."

Mama alirudi mchana. Kaa alikuwa amelifunika kwa majivu, limefika zima. Aliliweka kati ya mafiga, akaweka nyasi kavu na vijiti, akapuliza. Aliporidhika na moto alibandika chungu cha maharage, akaketi, akaanza kujitoa miiba miguuni.

"Mwanangu," baba akaita kutoka uwanjani. Sauti ilikuwa imekauka. "Niletee kaa."

Nilichukua kaa kwa vijiti viwili nikampelekea. Nilipiga magoti, nikalishikilia juu ya kiko chake. Alivuta, tumbaku ikashika. Machozi yalikuwa yakimtoka, akasema ni moshi. Kibiriti kilikuwa kimelala mfukoni pale pale, sentimita chache tu kutoka mkononi mwangu. Hakunitazama, nami sikumtazama.

Siku iliyofuata alivuka. Mwanangwa alimpokea kwa heshima, hakufanya mzaha hata mmoja, na kwa mtu yule kujizuia vile kulikuwa kazi ngumu kuliko kulima. Ng'ombe walipitishwa mbele ya baba mmoja mmoja, na kwa kila mmoja alikabidhiwa kamba, basi. Ng'ombe wenyewe walibaki zizini kwa mkwewe. Jioni baba alirudi nyumbani kwa njia ile ya korongoni, kamba zote zimening'inia begani, na watoto wa njiani wakamuuliza kama ng'ombe wake wamemkimbia. Mimi nilikwisha vuka kwenda upande wa pili na kikapu changu na mama wa kunisindikiza. Watu hawakuwekewa karantini.

Mtoto alizaliwa kwao, wa kiume, akapewa jina la kwao. Baada ya siku zangu za kukaa ndani kwisha, baba akaja kumwona. Nilikuwa nimekaa kivulini ukumbini pamoja na bibi yake mume wangu, kikongwe ambaye macho yalikuwa yameshafifia, asimtambue hata mjukuu wake akiwa kimya. Nilimwona baba kwa mbali na koti lake. Nikatafuta kwa macho mlango wa jiko uko wapi, nipate kuingia na mtoto kabla hajafungua kinywa.

"Shikamoo, mama," baba akamwambia kikongwe.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Unatoka wapi?"

Nilikuwa nimeshanyanyuka nusu.

"Hapo tu, mama," baba akasema. "Ng'ambo ya korongo."

"Ah, jirani," kikongwe akasema. "Kaa basi."

Akakaa. Alishika kofia magotini kama mtu aliyeitwa na hakimu. Aibu iliyonipata pale sijawahi kuipata tena, si kwenye benchi la nyuma, si siku ile watu walipocheka korongoni. Maisha yangu yote niliomba baba yangu aseme maneno mawili tu na kunyamaza. Sasa ameyasema, na ningetoa chochote nisikie tena habari za mto Ugalla.

Nikampa mtoto. "Mwambie, baba," nikasema. "Mwambie mjukuu wako wilaya yako ilivyo kubwa."

Baba alimtazama mtoto kwa muda, akaushika mguu wake mdogo katika kiganja.

"Haimhusu," akasema. "Huyu ni wa hapa."

Akanirudishia mtoto wangu, akaomba maji ya kunywa.